Bomba Lisilovuja Hata Tone

Asubuhi niliyoondoka kwenye shamba la mkonge sikuwa na mpango wowote. Niliamka, nikakunja shuka, nikatia spana ya bomba na kipande cha mpira wa dripu kwenye begi, nikafuata reli ya troli za mkonge mpaka barabara kuu ya Muheza. Pale njia panda nikasimama. Tanga mjini nilikuwa nimepachoka, Korogwe sikuwa na mtu. Nikajiambia gari la kwanza litakalosimama ndilo litakaloamua.

Lililosimama lilikuwa lori tupu la magogo. Utingo akachungulia.

"Wapi, kaka?"

"Mnakokwenda."

"Sie twapanda Amani."

"Basi na mimi Amani."

Akamgeukia dereva. "Huyu ama ana wazimu ama ana kesi."

"Kesi nilikuwa nayo," nikamwambia huku napanda nyuma. "Imekwisha."

Na kweli ilikuwa imekwisha. Nilikaa juu ya minyororo ya kufungia magogo, lori linanirusha kama punje kwenye ungo, na bado nilikuwa nacheka peke yangu. Mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetuliwa gunia la chumvi.

Hiyo kesi ndiyo nataka kuwaeleza ninyi mnaosoma fizikia, kwa sababu nimeikuta ndani ya daftari lenu. Mjukuu wangu Zuhura yuko kidato cha tatu. Juzi kaniletea mchoro: bomba pana, katikati limebanwa, kisha pana tena.

"Babu, hii siielewi. Bomba likibanwa, presha si ndiyo inazidi? Mbona mwalimu anasema inapungua?"

Nikamwambia, mjukuu wangu, wazo lako hilo hilo lilitia kambi nzima ugonjwa, na nusura limtoe mzee wa watu nyumbani kwake. Akadhani natania.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwetu Tongoni. Si kwa ugonjwa wala kukosa ada. Kijiji cha jirani kililetewa mashine ya kusaga, nikaenda kuitazama, nikakaa wiki mbili. Niliporudi mwalimu akaniuliza nilikuwa wapi, nikamweleza habari za mkanda na gurudumu mpaka darasa zima likanyamaza, kisha akanichapa. Baada ya hapo nilijifunza kwa kuzurura. Nimeziba matairi, nimepaka rangi mashua, nimepikia mafundi wa reli, nimeshika taa kwa mchimba visima mmoja aliyekuwa haoni vizuri na hataki ijulikane. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kinachokwenda na kwa nini kinakwenda, halafu miguu ikaanza kuwasha.

Kwenye shamba la mkonge nilikaa miaka mitatu, muda mrefu kuliko kote, na sababu yake ni Fundi Hamad. Huyu alikuwa Mpemba, amevuka zamani akiwa kijana, hakurudi ila kwa harusi na misiba. Maji yote ya shamba yalikuwa chini yake: tangi, mabomba, koki, na mashine ya kuvutia maji kutoka mtoni. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda kuitwa mzee. Nyumba yake ilikuwa ya shamba, vyumba viwili vya mawe, nje kapanda mkarafuu mmoja ambao haukuzaa hata siku moja. Mkewe alizikwa nyuma ya nyumba hiyo. Shikeni hilo, kwa sababu nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini.

Miaka hiyo ilikuwa ile ambayo dukani mlikuwa na rafu tu. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, bomba jipya lilikuwa hadithi. Utepe mweupe mnaozungushia nyuzi za bomba siku hizi sisi hatukuujua. Tulifungia kwa katani. Unachukua nyuzi chache za mkonge, unazichana kwa kucha mpaka zinakuwa laini kama nywele za mtoto, unazipaka rangi nzito ya mafuta au sabuni ukiipata, unazizungusha kufuata mkazo wa nyuzi za bomba, siyo kinyume, kisha unakaza. Na jambo moja muhimu: kiungo kipya cha katani lazima kitoe jasho. Siku ya kwanza na ya pili kinadondosha tone moja moja, mpaka katani inywe maji, ivimbe, ijifunge yenyewe. Fundi wa Tanga asiyejua hilo hukaza tena na tena mpaka anapasua soketi, kile kipande cha kuunganishia. Mimi niliwahi kupasua tatu. Fundi Hamad alizitungia kamba akazitundika mlangoni mwa karakana, akawa anaziita mahari yangu.

Sasa sikilizeni bomba lenyewe lilivyopita. Tangi lilikuwa kwenye kilima kidogo karibu na korona, ile mashine kubwa inayochuna majani ya mkonge yabaki nyuzi. Kutoka kwenye tangi bomba la inchi nne lilishuka hatua chache tu, likavuka mtaro uliochukua maji machafu ya korona, yale ya kijani yanayonuka uchachu na kuwasha ngozi. Baada ya mtaro ndipo likaporomoka mteremko mrefu hadi bondeni kwenye kambi ya wafanyakazi. Lilivuka ndani ya mtaro wenyewe, limelala chini kwenye uchafu. Nani aliyelipitisha hapo sijui, na kila aliyekuwapo alisema hakuwapo.

Mwezi mmoja Fundi Hamad akaenda Pemba kwenye msiba wa dada yake. Hajamaliza matanga, bomba likapasuka hapo hapo mtaroni. Kambi ikakaa bila maji. Stoo hakuna kipande cha inchi nne. Nikatumwa Tanga mjini, nikarudi mikono mitupu. Kwenye chuma chakavu nikapata kipande cha inchi moja na nusu, kirefu kama mtu, na soketi mbili za kupunguza upana. Nikakata palipopasuka, nikaweka kile chembamba katikati, huku na huku katani na rangi. Meneja wa shamba akaja kutazama.

"Maji hayatapungua?" akauliza.

Nikamjibu kwa sauti, ili na wengine wasikie: "Bwana meneja, hapa nimeongeza. Bomba likibanwa, presha inapanda. Hata mtoto akibana mpira wa maji kwa kidole anayaona yanavyoruka."

Tukafungua. Maji yakafika kambini, watu wakapiga makofi. Nikasukuma uchafu pembeni nitazame viungo vyangu. Vikavu! Hakuna jasho, hakuna tone, tangu saa ya kwanza. Nikajiona nimemzidi mwalimu wangu.

Fundi Hamad aliporudi, jioni watu wanateka, nilimpeleka kuona hata hajaoga.

"Havivuji hata tone," nikasema.

Akachuchumaa, akatazama kwa muda. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Katani?"

"Katani."

"Weye," akasema, "mtoto akizaliwa asilie, mkunga hafurahi." Akainuka akaenda kuoga. Nilidhani ni wivu.

Zikapita kama wiki tatu. Watu wa kambini wakaanza kulalamika koo linawasha. Kisha matumbo. Mama Agripina, nesi wa zahanati ya shamba, mama mmoja Mngoni mrefu ambaye kila Jumapili aliongoza kwaya kanisani na siku nyingine aliongoza kila mtu, alijaza vitanda vyake sita na kutandika mikeka barazani. Watoto ndio walioumia zaidi, kumi na mmoja walilazwa. Kila aliyepita pale alisikia vilio.

Meneja akaamua ni tangi. Fundi Hamad akalimwaga, akaingia ndani mwenyewe na brashi, akalisugua, akatia dawa. Ugonjwa ukaendelea. Akalisugua mara ya pili. Ukaendelea. Nyakati zile shamba lilikuwa linatafutiwa mwenye kulinunua, kama mashamba mengi ya umma, na wageni walitarajiwa kuja kulikagua. Meneja hakutaka wakute mikeka ya wagonjwa bila kuwa na wa kumwonyesha kidole. Akamwita Fundi Hamad mbele yetu.

"Mzee, umechoka. Maji yamekushinda. Mwisho wa mwezi naomba nyumba."

Fundi Hamad hakubisha. Alisema tu, "Na kaburi nalo nilihame?" Meneja akatazama karatasi zake.

Usiku huo sikulala, na hilo sitaki kulirefusha. Kesho yake nilikwenda zahanati kumsaidia Mama Agripina kubeba maji ya kuchemsha. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na akili.

"Wewe wa mabomba, hebu niambie," akasema. "Mlinzi wa stoo anaishi kambini, anakunywa bomba lile lile, haumwi. Mke wake anaumwa. Nimemuuliza, anasema yeye huteka saa nane mchana akiamka. Mkewe huteka asubuhi na jioni pamoja na wenzake. Maji gani hayo yanayougua asubuhi na jioni na kupona mchana?"

Nikaweka ndoo chini. Nilitoka pale natembea, nikajikuta nakimbia.

Nilifika mtaroni kama saa nane hivi. Wakati huo koki za kambi nzima huwa zimefungwa, watu wako mkongeni. Nikasukuma uchafu. Kiungo changu kimoja kilikuwa kinavuja! Tone, tone, tone, kinatoa nje. Nikakaa hapo mpaka jioni. Wanawake wakaanza kuteka, koki ishirini zikafunguka pamoja, nikasikia maji yanavuma ndani ya kile kipande chembamba. Kuvuja kukapungua. Kisha kukakoma. Kiungo kikawa kikavu, kisafi, kama siku ile niliyojisifu.

Nikachomoa unyuzi mmoja wa katani, nikausogeza kwenye ufa wa kiungo. Ukaingia. Haukusukumwa, vijana. Ulivutwa. Bomba lilikuwa linakunywa mtaro.

Nataka kusema nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Hamad. Sikwenda moja kwa moja. Nilizunguka karakana mara mbili. Hakuna aliyejua. Ningeweza kubadilisha kiungo kimyakimya, ugonjwa ungekoma, na ingeonekana tangi ndilo lililokuwa bovu na mzee ndiye mzembe. Zile soketi tatu zilizopasuka zilikuwa zinaning'inia mlangoni. Nikazitazama, nikaenda kwake.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona wanuka korona?"

"Ni mimi. Siyo tangi. Ni kiungo changu." Nikamweleza.

Nilitaka anitukane yaishe. Akasema tu, "Kile kisicholia."

"Ndiyo, fundi."

"Nami n'likitazama nikaenda kuoga." Akatikisa kichwa. "Basi tuko wawili. Kaa. Kwa nini kinakunywa?"

"Sijui. Nilidhani penye wembamba presha inazidi."

"Maji mangapi yanaingia kwenye chembamba?"

"Yale yale yanayotoka kwenye pana."

"Na njia ni ndogo. Basi yatafanya nini?"

"Yatakwenda mbio."

"Mtu anayetembea, akaanza mbio, kimemsukuma nini?"

Nikafikiri. "Kitu cha nyuma."

"Cha nyuma kimezidi cha mbele, au vipi? Vikilingana hatakimbia, atakwenda mwendo wake ule ule. Basi ikiwa maji yanaongeza mbio yanapoingia kwenye chembamba, nyuma presha kubwa, mbele presha ndogo. Sasa weye umekiweka chembamba chako hatua chache chini ya tangi, mahali ambapo presha ni kidogo tangu hapo, na mteremko wa bondeni unayavuta maji yazidi mbio. Presha ikashuka hata kuliko ya hewa hii ya nje. Na mlango wazi, mwenye nguvu ndiye huingia."

Hayo ndiyo yaliyo kwenye daftari la Zuhura. Vitabu vya Kiswahili huiita presha kanieneo, na mwalimu wenu ataandika herufi na namba juu yake. Namba hizo ni nzuri, zishikeni. Lakini kabla ya namba jiulizeni swali la Fundi Hamad: aliyeongeza mbio, nani kamsukuma? Na kile kidole kwenye mpira wa maji, ambacho hata ninyi mtanitajia: presha inayozidi pale iko ndani ya mpira, nyuma ya kidole, kwa sababu maji yamecheleweshwa na hayapotezi nguvu nyingi njiani. Maji yakishatoka na kuruka, yana mbio tu. Presha yake ni sawa na ya hewa inayoyazunguka. Mimi nilitazama yalivyoruka nikadhani nimeona presha. Nilichokuwa naona ni mwendo.

Asubuhi, kabla ya wanawake kuteka, tulimwita meneja. Mama Agripina alikuwa ametupatia mpira wa dripu na kipande cha buluu ya kufulia. Tuliuzuia mtaro kwa magunia, tukakisafisha kiungo, nikabandika ncha ya mpira kwenye ufa kwa sabuni inayonata. Ncha nyingine nikaitumbukiza kwenye beseni la maji ya buluu. Nikapiga mluzi kuelekea bondeni. Koki zikafunguliwa.

Buluu ikapanda ndani ya mpira. Taratibu, kisha kwa haraka, ikaingia kwenye bomba. Beseni likaanza kupungua.

"Nani anayavuta?" meneja akauliza.

"Hakuna anayevuta, bwana," akasema Fundi Hamad. "Yasukumwa na hewa hii hii tunayovuta."

Baadaye kidogo sauti ya mama mmoja ikapanda kutoka bondeni: "Jamani! Ndoo yangu imekuwa bahari!"

Nikasema mbele ya watu wote kwamba kile kipande nilikifunga mimi, wakati Fundi Hamad yuko msibani. Mama Agripina akanitazama toka juu hadi chini. "Watoto wangu kumi na mmoja, wewe," akasema. Na hilo tu. Nalikumbuka mpaka leo.

Bomba jipya halikupatikana hata baada ya hapo. Mnajua tulifanyaje? Tulishuka bondeni, kwenye koki kubwa ya kuingilia kambini, tukaifunga zaidi ya nusu. Bana chini, siyo juu. Maji yakapunguza mbio kwenye bomba zima, mbio zilipopungua kwenye chembamba presha ikarudi. Nilipanda mbio kwenda kutazama, huku koki za watu ziko wazi. Nikapiga magoti mtaroni.

Kilikuwa kinavuja. Kinatoa nje. Tone, tone, tone, maji masafi, na maji yanapita.

Sijawahi kufurahia kazi mbovu kama siku ile. Nilimwita Fundi Hamad kwa kelele, akaja akihema, akaweka kiganja chini ya kiungo, tone likamwangukia. "Kalia," akasema. "Mtoto kalia." Tukacheka wote wawili mpaka tukaketi chini kwenye maganda ya mkonge.

Watu walilalamika kwamba ndoo sasa zinachelewa kujaa, lakini walilalamika wakiwa wazima. Wanaume wa kambi wakatoka na majembe, wakauhamisha mtaro upite chini zaidi, mbali na bomba. Tukalisafisha bomba kwa dawa mpaka likatoa harufu ya hospitali. Mikeka ya Mama Agripina ikakunjwa mmoja baada ya mwingine, na Jumapili ya pili watoto wote kumi na mmoja wakawa wanatungua maembe mabichi kwa mawe kama kawaida. Hakuna tuliyemzika. Hilo ndilo ninaloshukuru kuliko yote.

Meneja hakuomba radhi. Siku ya mwisho wa mwezi alipita mbele ya nyumba ya Fundi Hamad, akatazama ule mkarafuu, akauliza, "Huu utazaa lini?" Mzee akajibu, "Nikiachwa niutunze." Meneja akasema, "Haya, utunze," akaenda zake. Ndivyo nyumba ilivyobaki. Wageni walipokuja kukagua shamba, Fundi Hamad ndiye aliyewatembeza kwenye maji.

Nilikaa miezi minne zaidi, mpaka tukapata kipande cha inchi nne na kukitoa kile chembamba kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha miguu ikaanza kuwasha. Jioni moja nikamwambia. Hakuuliza nakwenda wapi, alijua sina jibu. Alinipa spana yake, na Mama Agripina, ambaye alikuwa amerudi kunisalimia kama mtu, akanipa ule mpira wa dripu wenye doa la buluu.

Basi lori lile likanishusha Amani mchana, kwenye ubaridi na ukungu ambao mimi, mtoto wa pwani, sikuujua. Nikavaa mashati yangu yote mawili. Nikaulizia chumba, nikaelekezwa kwa mama mmoja mjane, Mshambaa, nyumba ya mbao chini ya njia. Alinisalimia Kishambaa, nikamjibu kwa Kibondei cha kuokota, akacheka akanionyesha chumba: kitanda cha kamba, dirisha, msumari wa kutundikia shati.

"Maji yapo uani," akasema, akaenda kunifungulia koki ukutani. Ndoo ikaanza kujaa. Halafu akaona natazama juu ya koki, kwenye kiungo, akaona haya. "Samahani, mwanangu. Linavuja hilo. Ukifungua linavuja, ukifunga linavuja. Kama litakukera, kuna mwenye chumba kule juu."

Nikasogea. Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu, na kiungo kinatoa nje, tone, tone, tone, masafi kama machozi. Nikaweka kiganja, likanidondokea, la baridi.

"Halinikeri, mama," nikasema. Nikaingia ndani, nikatundika begi kwenye msumari.